Mlango Uliokataa Kusimama Riruta

Kibao kilitangulia mlango. Hilo ndilo lililonikasirisha kwanza, na mpaka leo likinijia baada ya swala naomba msamaha, maana hasira inanikuta bado niko juu ya mkeka. Mlango wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani, umefunikwa magunia. Lakini kibao cha shaba kilikuwa kimeshakazwa skrubu kando ya nafasi yake, kwenye nyumba mpya ya wageni huko Riruta, kinang'aa: "Mlango wa kale kutoka Zanzibari. Kazi ya mafundi wa Kiarabu."

Mlango wa kale! Mafuta yake yalikuwa hayajakauka. Ulichongwa Kawangware, nyuma ya soko, nikiona kwa macho yangu, na msichana anayeitwa Wambui ambaye nilimfundisha mimi kushika patasi. Kila ua lililo juu yake alilichora kwanza kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, akalifuta, akalichora tena. Nami nilikaa pale kwenye kigoda changu cha mstaafu nikinywa chai yake.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopiga randa Kawangware, Kibera na kwingineko. Mimi ni mzee wa Makina hapa Kibera, Mnubi, nimekuwa seremala tangu ndevu hazijaota hadi zilipokuwa nyeupe. Nimestaafu kwa sababu ya macho. Mikono ingali mizima, namshukuru Mungu. Watu husema mimi ni mvumilivu, na ni kweli. Lakini uvumilivu si kukaa kimya, na kuna mambo nimeyanyamazia muda mrefu kuliko inavyofaa.

Tuanze na kazi, ili mnielewe.

Mlango wa Kiswahili hauna bawaba. Hilo mnalijua nyinyi mliopitia kwetu, wengine niwaambie. Ubao wake una ncha mbili pembeni, moja juu na moja chini, zimechongwa kwenye mti uleule. Ncha ya juu inaingia kwenye tundu la kizingiti cha juu. Ncha ya chini inakaa kwenye kipande cha mpingo kilichochimbwa shimo la mviringo, na hapo ndipo mlango unapozungukia. Kipande hicho sisi tunakiita kikombe. Kinasukumwa ndani ya kizingiti cha chini baada ya mlango kuinuliwa. Bila kikombe mlango unazama, unainama kama mlevi, wala haufungiki.

Kikombe kichongeni kwa mpingo mkavu. Vipande mtavipata kwa wachonga vinyago, wanavitupa. Msikisugue kwa msasa mkali, kitakula ncha. Kipakeni mafuta ya mgando, si oili ya gari. Mkimaliza, sukumeni mlango kwa kidole kimoja. Ukilia, toeni, anzeni tena. Na mwache nafasi ya mvua! Otieno, yule mtoto wa Kisumu Ndogo mwenye mdomo kama redio, aliwahi kumwekea mchungaji wake mlango wa kanisa wakati wa kiangazi, ukakaa barabara kabisa, akajisifu mpaka mtaa wa Olympic. Mvua za masika zilipoanza mbao zilivimba. Mchungaji alikuwa ndani na suti yake mpya, akiandaa mahubiri. Alitokea dirishani, mguu mmoja kwanza, waumini wakimpokea kama mzigo. Otieno alibadilisha kanisa.

Mimi kikombe nilifundishwa na Fundi Faraji, Mungu amrehemu, mtu wa pwani aliyehamia Nairobi na sanduku moja la patasi. Alikuwa mkali. Ukinoa patasi yako kwenye saruji anakunyang'anya na kukupa ufagio kutwa nzima. Alipokuwa akichonga alipenda kuimba wimbo mmoja usio na maneno mengi, wenye mapigo mazito: pu, pu, halafu kimya kidogo, halafu pu. Ule wimbo ukabaki karakanani. Nyote mnaujua, mnaupigia msasa bila hata kujua mnafanya hivyo.

Faraji ndiye aliyenisimulia habari za Feruzi.

Feruzi alikuwa baba wa babu yake Faraji. Alikuwa fundi wa milango mjini Zanzibari, zama za karafuu, nyumba za mawe zilipokuwa zinajengwa kila uchochoro. Naye alikuwa mtumwa. Nasema mtumwa, silainishi neno. Alichukuliwa bara akiwa mdogo, akauzwa, akafundishwa kazi kwa sababu mtumwa fundi ni faida kwa bwana wake. Mchana alikodishwa kwa huyu na yule. Waliochimba mawe, waliochoma chokaa, waliopasua mbao, waliochonga maua yale ambayo watalii wanayapiga picha, wengi wao walikuwa watu wa namna hiyo.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Siku moja nilikuwa nasimulia haya, Otieno akanikatiza.

"Lakini mzee, sisi shule tulifunzwa watumwa walikuwa wa kubeba tu. Pembe, karafuu, hivyo."

"Na nyumba zilijengwa na nani?"

"Si wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Ma-boss, mzee. Wenye nyumba."

Vijana wote wakacheka, naye hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyoambiwa. Jina la mwenye nyumba lilibaki, la aliyeijenga likafutwa, na mtoto wa Kisumu Ndogo anakua akiamini kwamba watu waliofungwa minyororo walikuwa na mabega tu, hawakuwa na vichwa. Sina ugomvi na Mwarabu wala Mhindi. Walikuwamo mafundi wazuri miongoni mwao. Ugomvi wangu ni na mkono unaofuta. Sisi Wanubi wa Kibera tunaujua mkono huo. Babu zetu waliletwa huku kama askari, na wengi wao kabla ya kupewa bunduki hakuna aliyewauliza kama wanaitaka.

Feruzi alikuwa na mke, Zafarani, naye mtumwa wa bwana huyohuyo. Kazi yake ilikuwa kupiga sakafu, hata ile ya juu ya paa. Paa za nyumba zile zilikuwa bapa, za chokaa na kokoto, na chokaa ile ilipigwa kwa vigongo siku nyingi mpaka ikashikana. Wanawake ndio waliopiga, wamejipanga mstari, kwa mapigo mamoja.

Bwana wao akawa anamwoza binti yake. Akamwamuru Feruzi achonge mlango mkubwa wa mbele, mpya, kwa ajili ya harusi, na juu yake aandike jina la Mwenyezi Mungu. Feruzi akachonga. Mlango ulipokaribia kwisha akasikia habari kutoka jikoni: Zafarani amewekwa miongoni mwa zawadi za bibi harusi. Atakwenda Lamu pamoja na vyombo na mashuka.

Hapo Faraji alikuwa anaweka patasi chini kila mara akisimulia. Na mimi niliyesoma Kurani chuoni tangu utoto, niliyefundishwa kwamba kumwacha mtu huru ni ibada, nashindwa kuelewa. Jina la Mungu juu ya kichwa chako, na chini yake unamgawa mke wa mtu kama sahani. Ulipita chini ya mlango huo kwenda kuswali. Ulimwambia nini Mola wako?

Feruzi hakupiga kelele. Alimaliza kazi yote, mlango ukaletwa mahali pake, watu wakakusanyika kuuinua, naye akasema kikombe hakipo. Akaulizwa kiko wapi. Akasema, "Zafarani akibaki, kikombe kitapatikana."

Akapigwa. Akapigwa sana, sitaki kusimulia. Hakusema zaidi ya hayo.

Bwana akasema, mafundi ni wengi mjini. Akaita fundi mwingine, mtumwa wa mtu mwingine. Na hapa ndipo mnisikilize kama mafundi. Kikombe si uchawi. Fundi yeyote mwenye patasi nzuri angechonga kingine asubuhi moja. Yule wa kwanza akaja, akatazama kizingiti, akaliona tundu tupu, akamtazama Feruzi aliyekuwa amefungwa uani. Akaelewa. Akasema, "Bwana, mti huu bado una usingizi. Haushikiki." Akaletwa wa pili. Akazunguka mlango, akaugonga, akaweka sikio. Akasema ubao dume na ubao jike hawajapatana, na yeye hataki kuingilia ugomvi wa wenyewe. Wa tatu akasema mlango unaogopa mkono mgeni. Kila mmoja na upuuzi wake, uso mkavu kama jiwe. Na bwana akaamini! Aliamini kwa sababu siku zote alikuwa akisema watumwa ni wajinga. Ujinga aliowasingizia ndio uliomfunga.

Nyumba ikakaa wazi, na wageni wa harusi wako njiani.

Nilipofika hapo siku ile karakanani, Otieno aliinuka akaondoka. Mpira ulikuwa unaanza. Alikuwa na tabia hiyo, kila nikisimulia huondoka katikati. Wambui tu ndiye aliyebaki hadi mwisho. Nikawaza, najisumbua bure, maneno haya yataniishia mdomoni.

Turudi Riruta.

Yule mwenye nyumba ya wageni, simtaji, alipoupenda mlango wa Wambui aliupenda kweli. Alikuja karakanani mara nyingi, akaupapasa. Kisha kabla ya siku ya ufunguzi akatuma lori likauchukua, na Wambui akaambiwa kwa simu asije kuuweka. Wataweka wengine. Alipouliza sababu, akajibiwa bila aibu: wageni wakiona fundi ni msichana wa Kawangware, watajua mlango si wa kale.

Wambui akaja kwangu Makina. Alikaa kwenye mlango wangu, hakulia, ila alikuwa amekunja ngumi.

"Babu, amesema mlango wangu ni wa Zanzibari. Amesema ni wa Waarabu. Mimi ameniambia nisionekane."

"Kikombe kiko wapi?"

Akafungua mfuko wa shati. Kilikuwa humo, cheusi, kimepakwa mafuta.

"Sikupanga," akasema. "Kawaida yangu hukibeba mwenyewe, kisipotee kwa lori."

"Na sasa?"

"Sasa atoe kile kibao. Halafu niuweke mlango wangu mwenyewe, mbele ya watu. Hiyo tu."

Nikavaa kanzu na kofia, tukaenda. Tulisimama ng'ambo ya barabara, kwa mama wa mahindi ya kuchoma. Wageni walikuwa wanatarajiwa alasiri. Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vimefungwa vitambaa vyeupe, na pale mbele ya nyumba, mahali pa mlango, palikuwa na shimo tupu na kibao cha shaba kando yake.

Nikamwona fundi aliyeitwa. Alikuwa Otieno.

Lazima niwaambie kwamba Otieno na Wambui walikuwa hawasemezani. Otieno aliondoka kwetu kwa sababu ya Wambui, alisema ninampendelea. Alikuwa anatafuta kazi kama kipofu anavyotafuta ukuta. Na kikombe anajua kuchonga, tena vizuri. Nilimfundisha mwenyewe. Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Otieno akatua sanduku lake. Akafunua gunia. Alivyouona mlango alijua mara moja ni mkono wa nani. Maua ya Wambui yana jani la tano lililopinda, hakuna mwingine anayelifanya. Akainama akatazama kizingiti. Akaliona tundu. Kisha akainua kichwa, akatuona ng'ambo ya barabara: mimi na kanzu yangu, na Wambui na mkono mfukoni.

Akasoma kibao, polepole, kwa sauti, mpaka mwisho.

"Boss," akasema, "huu mlango ni wa Zanzibari?"

"Kwani hujui kusoma?"

"Nimesoma, boss. Ndio shida yenyewe. Huu mlango umezoea hewa ya bahari. Joto, chumvi, hivyo. Hapa Riruta ni baridi. Ona, umekunja uso."

"Weka mlango, wewe."

"Hauwekeki, boss wangu. Nikiulazimisha utapasuka hapa katikati, na ni mali ya kale, utanidai mimi. Hapa itabidi uite Mwarabu mwenyewe aje auweke. Kibao kimesema ni kazi yake."

Mama wa mahindi alicheka mpaka akaangusha koleo. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona ukungu machoni, na si wa uzee. Kijana aliyekuwa akiniondokea katikati ya hadithi, kumbe nusu aliyoisikia ilimtosha.

Mwenye nyumba akampigia simu fundi mwingine, mtu mzima anayeitwa Mutua, kutoka upande wa Olympic. Huyo hakuwa wetu. Hakuwahi kukanyaga karakana yetu, hakumjua Wambui, hakujua habari za Feruzi wala za mtu yeyote. Alifika na baiskeli. Akachunguza, akaweka kiganja kwenye mwimo wa mlango, ule mti wa pembeni, akauliza jambo moja tu.

"Aliyechonga hii yuko wapi?"

"Hilo halikuhusu."

Mutua akatazama huku na huku. Akamwona Wambui, vumbi la mbao bado liko kwenye nywele. Akamtazama kama mnavyomtazama mwenzenu mnapopishana naye mmebeba msumeno.

"Mimi siwezi," akasema. Akapanda baiskeli yake akaenda.

Siwezi. Alikuwa fundi kuliko mimi, niliona alivyoshika ule mwimo. Nimeuliza sana tangu siku ile: hawa watu wawili walikosa nini kwa neno hilo? Walikosa kazi ya siku hiyo. Na walilinda nini? Mkiweza kunijibu hilo mmeshakuwa mafundi, yaliyobaki ni kunoa tu. Maana nawaona, wanangu. Mwenzenu akifukuzwa kwenye mjengo asubuhi, mchana mmoja wenu yuko palepale, anamalizia ukuta wake, tena anasema ulikuwa umepinda. Hilo linanikera kuliko kibao.

Magari ya wageni yalipoanza kukata kona, mwenye nyumba alivuka barabara mwenyewe. Alikuja na tabasamu.

"Wambui, mamangu, njoo basi. Nitaandika jina lako pia. Kidogo, hapo chini."

"Toa kibao kwanza."

"Wageni wamefika!"

"Naona. Toa kwanza."

Akageuka akayatazama magari. Kisha akarudi, akaanza kukikwangua kile kibao kwa ufunguo wa gari, skrubu hazisogei. Otieno akajongea kwa heshima zote.

"Boss, bisibisi hii hapa."

Wageni wote waliona. Walimwona akitoa skrubu moja baada ya nyingine, kisha wakamwona msichana wa Kawangware akivua sweta. Otieno na vijana wawili wa hema wakauinua mlango. Wambui akapiga magoti, akatoa kikombe mfukoni, akakifuta kwa upindo wa shati, akakisukuma. Kikaingia na mlio mdogo ambao kwangu ni mtamu sana. Akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukaenda, ukarudi. Haukulia. Mtu mmoja kati ya wageni akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, hata wasiojua wanapigia nini.

Kibao kingine hakijawekwa. Pale ukutani yamebaki matundu ya skrubu. Namshukuru Mungu kwa kilichotoka, lakini sijaridhika na kisichoingia. Ukutani ni mahali pa majina, na majina yapo. Nimeyataja humu ili yasiseme hayakutajwa.

Tulirudi kwa miguu hadi Kawangware, Wambui katikati, Otieno amembebea sanduku lake la vifaa bila kuombwa. Alikuwa anapiga mluzi. Ulikuwa wimbo wa karakana: mapigo mawili, kimya, pigo. Akakatiza ghafla.

"Mzee, kwani yule mama alienda Lamu? Mke wa Feruzi. Sikuwahi kusikia mwisho."

"Ungekaa ungesikia," Wambui akamwambia.

Nikawaambia ya Feruzi kwanza. Kwamba Feruzi alitolewa uani, akajikongoja kusimama, akaweka mlango mgongo ukitoka damu. Kwamba harusi ilipopita bwana alilipiza: alimnyang'anya patasi zake, akampeleka bandarini kubeba magunia ya karafuu hadi mwisho wa nguvu zake. Basi mkisoma kwamba walikuwa wabebaji, mjue wengine walikuwa mafundi waliopokonywa vyombo vyao. Jioni alimfundisha mwanawe kuchonga, kwa msumari, kwenye vipande vya vifuu vya nazi.

"Sawa," Otieno akasema. "Lakini mama je?"

"Huo wimbo unaoupiga mluzi," nikamuuliza, "unadhani ni wa maseremala?"

"Si ni wa Fundi Faraji?"

"Randa haiendi hivyo. Patasi haiendi hivyo. Jaribu kuupigia mguu."

Akasimama kando ya barabara, sanduku begani, akaupigia mguu. Pu, pu, akanyamaza, pu. Ni mapigo ya kigongo juu ya chokaa mbichi.

"Ni wa wanawake wa kupiga sakafu," nikasema. "Faraji aliuchukua kwa babu yake. Na babu yake, aliyezaliwa baada ya harusi ile, aliimbiwa na mama yake Zafarani, palepale Zanzibari, nyumbani, akiwa mtoto mgongoni."